Ngazi ya Umeme Ndani ya Sanduku la Chai

Mashine ile niliitengeneza kwa ajili ya nzi. Naanza na hilo kwa sababu watu walioniuliza habari zake baadaye, wengine kwa ukali na wengine kwa huruma, hawakuamini kwamba mtu mzima mwenye kazi ya serikali angekaa jioni baada ya jioni akikunja karatasi na kuyeyusha nta ili tu nzi wafe.

Wakati huo nilikuwa karani wa stoo katika gereji ya serikali mjini Meru. Kwetu ni Kanyakine, lakini nilipanga chumba mjini, nyuma ya bucha ya mzee mmoja Mwislamu. Babu yake alifika huku na misafara ya zamani, akaoa kwa Wameru, akabaki. Nyumbani kwa mzee kilisemwa Kiswahili tu, na kilikuwa kimenyooka kuliko kile changu cha shule na jeshi. Mimi nilimwita mzee. Yeye aliniita fundi, ingawa gerejini sikushika spana. Kazi yangu ilikuwa kuandika ni matairi gani yametoka na mafuta gani yameingia.

Umeme niliupenda tangu vitani, katika vita vya pili vya dunia. Niliwekwa katika kikosi cha redio, nikafundishwa kuunga nyaya na kubadilisha taa za redio zilizoungua, na niliporudi nyumbani nikawa kama mtu aliyeonjeshwa chakula kisha akanyang'anywa sahani. Meru ya siku hizo haikuwa na umeme wa kuzungumzia. Ofisi chache na nyumba za Wazungu zilikuwa na jenereta zao. Sisi wengine tulikuwa na taa za mafuta. Basi nikaanza kuokota. Betri ya gari iliyochoka lakini haijafa. Transfoma ya redio ya gari lililopinduka. Kitetemeshi chake pia, kile kidude kinachovuma kama nyuki ndani ya kopo na kuukatakata umeme wa betri ili transfoma iukubali. Kwa hivyo vitatu nilipata volti mia mbili na zaidi kutoka kwa betri ya volti sita, mezani kwangu, katika chumba kilichonuka mafuta ya ng'ombe.

Mtu mwingine angetosheka. Mimi nilikuwa nimesoma katika gazeti moja kuukuu la mafundi wa redio, nililonunua kwa Mhindi mmoja Nairobi, kuhusu ngazi ya kupandisha volti. Nililisoma mpaka likachanika mikunjoni. Nitaieleza, kwa sababu bila kuielewa mtu hawezi kujua nilikuwa na furaha gani.

Umeme wa transfoma huenda na kurudi, huenda na kurudi. Ukiuwekea rektifaya, ambayo ni kama mlango unaofunguka upande mmoja tu, na kondensa, ambayo ni kama mtungi wa kuuhifadhi, basi umeme ukienda mtungi wa kwanza hujaa. Ukirudi, mlango ule hujifunga na mlango wa pili hufunguka, na sasa mtungi wa kwanza unamiminwa pamoja na umeme mpya ndani ya mtungi wa pili, ambao hujaa maradufu. Ukiongeza mlango na mtungi, na mlango tena na mtungi tena, kila kidaraja kinapandisha volti juu ya mabega ya kile cha chini. Hakuna kinachoongezwa kutoka mbinguni. Unachopata kwa volti unakipoteza kwa nguvu ya mkondo. Lakini pale juu kabisa, mwisho wa ngazi, unapata maelfu ya volti, na cheche inaruka hewani bila kuguswa na kitu.

Rektifaya nilizipata katika vifaa vya jeshi vilivyouzwa kama takataka baada ya vita: vijiti vya selenia, vyembamba kama kalamu. Kondensa za volti kubwa hazikupatikana, basi nilizitengeneza mwenyewe. Masanduku ya majani ya chai yalikuwa yametandikwa ndani karatasi laini ya madini ya risasi. Nikayaomba madukani, nikaibandua ile karatasi na kuipiga pasi. Nta nilinunua kwa mama mmoja wa Mbeere aliyeleta asali sokoni. Nilichovya karatasi ya kawaida ndani ya nta iliyoyeyuka, nikaitandika juu ya risasi, tabaka juu ya tabaka, nikakunja kama anayekunja sigara. Nyingi ziliharibika. Tundu dogo lisiloonekana kwa macho linatosha: umeme hulitafuta, hupenya, na unasikia "pa!" na kunusa nta iliyoungua. Nilijifunza kuzichovya polepole, na kuanika karatasi juani kwanza, kwa maana unyevu ulikuwa adui mkubwa kuliko hata tundu. Kwa mvua za mlimani kwetu, huo ni uadui wa karibu mwaka mzima.

Siku ngazi ilipofanya kazi nilitoa betri, nikafurahi, nikanyoosha mkono kulegeza waya mmoja. Nilikuwa nimesahau kwamba mitungi hubaki imejaa hata betri ikitolewa. Sikusikia maumivu kwa namna ya kukatwa au kuungua. Nilichosikia ni kama mtu amenipiga ndani ya mfupa wa mkono, kutoka ndani kwenda nje, na meno yakagongana, na nikajikuta nimekaa sakafuni mgongo ukiegemea kitanda. Mkono ulikuwa umelala. Mzee alifungua mlango kwa kishindo.

"Fundi! Umekufa?"

"Bado, mzee."

"Basi funika hicho kitu kabla hujafa. Nani atanilipia chumba?"

Alicheka, nami nikacheka, lakini mkono uliendelea kutetemeka mpaka jioni, na nilipokuwa peke yangu nilihofu. Tangu hapo niliweka kijiti chenye waya wa kumwaga umeme ardhini, na sikugusa kitu kabla ya kukitumia.

Nzi waliingia hivi. Bwana afya alikuwa amemwonya mzee kwamba ataifunga bucha kwa sababu ya nzi. Mzee alikuwa amejaribu nyavu, moshi, na kijana wa kupunga mkia wa ng'ombe kutwa. Nikamwambia anipe siku kadhaa. Nikaiweka ngazi yangu yote ndani ya sanduku la chai, na mbele yake nikafunga fremu ya mbao yenye nyaya zilizosimama kama nyuzi za zeze, waya mmoja kutoka juu ya ngazi na mwingine wa ardhi, mmoja wa juu na mwingine wa ardhi. Nyuma ya nyaya nikaning'iniza kipande cha utumbo. Nzi akipita katikati ya nyaya mbili, cheche inamruka. Tak! Anaanguka kwenye trei.

Watu walikuja zaidi kuangalia kuliko kununua nyama. Wakulima waliotoka Kiirua na viazi vyao, makarani wa ofisini na watoto walisimama kwenye kaunta wakihesabu tak, tak. Mzee alikuwa na furaha ya mtu aliyeshinda kesi. Bwana afya mwenyewe alikuja, akatazama trei, akaenda zake, nasi tukajua bucha imepona. Nadhani ilikuwa siku yangu bora kuliko zote za ujana wangu. Sikuwa nimefanya kitu kikubwa. Nilikuwa nimefanya kitu kikafanya kazi.

Hali ya Hatari ilikuwa tayari imetangazwa. Mji ulikuwa umejaa Landirova na askari. Sisi Wameru na Waembu, pamoja na Wakikuyu, tulitembea na vipande vya kutuonyesha ni nani na tunakwenda wapi, na kafyu ikifika kila mtu alikuwa ndani. Mzee na watu wa jamii yake hawakusumbuliwa kama sisi, ingawa nao walipunguza maneno. Kule kwetu Kanyakine watu walikuwa wakihamishwa kutoka mashambani mwao na kupangwa katika vijiji vilivyozungushiwa mtaro. Nilijua haya yote. Lakini mimi nilikuwa na kazi, kipande changu kilikuwa safi, na jioni nilikuwa na karatasi na nta. Mtu huweza kujua jambo na bado likakaa mbali naye.

Mmoja wa wateja wa bucha alikuwa mkalimani wa kambi ya skriningi, kambi iliyokuwa chini ya mji kwenye barabara ya kwenda Embu, ambako watu walipelekwa kuulizwa kama wamekula kiapo cha wapiganaji wa msituni. Nilisoma naye shule ya Kaaga. Tulikuwa tumekaa dawati moja. Alisimama mbele ya mashine kwa muda mrefu, akaniuliza, "Mtu akigusa hapo?"

"Usiguse."

"Atakufa?"

"Hafi. Lakini atajuta."

Nilisema hivyo kwa majivuno kidogo, kama fundi anavyosifia kazi yake. Alicheka. Akanunua nyama yake, akaenda.

Walikuja asubuhi moja, bucha imefunguliwa punde tu. Bwana mkubwa wa kambi alibaki ndani ya gari. Mkalimani na homgadi wawili, wale askari wa kienyeji wa serikali, waliingia, wakaniita kutoka chumbani. Mkalimani alisema kambi inahitaji mashine, kule jikoni nzi wamezidi.

"Lini mtairudisha?" mzee akauliza.

"Mzee, hii ni serikali," akasema mkalimani, si kwa ukali.

Walibeba sanduku. Nikakimbia nyuma yao na kile kijiti cha kumwagia umeme, nikamwambia mkalimani wasiguse ndani kabla ya kukitumia. Akakipokea. Akasema asante. Nami nilirudi ndani nikiwa nimekasirika tu kwa kunyang'anywa, nikawaza nitatengeneza nyingine, iliyo bora zaidi, kwa vijiti viwili vya selenia vilivyobaki na vingine nitakavyotafuta.

Haikupita muda dada yangu alikuja mjini. Alikuwa ametembea kutoka Kanyakine na mtoto mgongoni, na kibali kilichomruhusu kuwa barabarani siku hiyo tu. Hakutaka kuketi. Mume wake, shemeji yangu, alikuwa amechukuliwa. Mtu fulani alisema alipeleka chakula kwa wapiganaji msituni. Shemeji alikuwa mtu wa ndizi na kahawa chache, mpole, anayezungumza zaidi na ng'ombe wake kuliko na watu.

"Yuko wapi?" nikamuuliza.

"Kambi ile ya barabarani. Wewe unakaa na wakubwa hapa. Huwezi kusema neno?"

Nilimwambia nitasema. Nilimnunulia mtoto mkate, nikampa dada nyama ya kupeleka nyumbani, nikamsindikiza mpaka mwisho wa mji. Njiani nilikuwa nikipanga maneno, na kila neno nililolipanga lilikuwa la kuomba.

Mzee ndiye aliyeniambia. Yeye alikuwa akipeleka nyama kambini, mifupa na vichwa kwa ajili ya wafungwa na vipande vizuri kwa ajili ya wakubwa. Alirudi siku moja, akafunga mlango wa bucha mchana kweupe, akaja chumbani kwangu, akakaa kitandani. Alikuwa bado amevaa aproni yenye damu.

"Fundi. Ile mashine yetu haiko jikoni."

Nikaweka kopo la nta chini.

"Iko katika kile kibanda cha mabati. Wameitoa zile nyaya za nzi. Wameacha mbili tu, ndefu." Aliangalia mikono yake. "Nimesikia mtu. Nilidhani ni mnyama. Mimi nachinja, fundi, nazijua sauti za wanyama. Haikuwa ya mnyama."

Nakumbuka mkono wangu, ule uliopigwa, ulivyoanza kuwasha kana kwamba unasikiliza. Nje ya kambi ile mimi peke yangu ndiye niliyejua hasa yule mtu alisikia nini ndani ya mfupa wake. Na shemeji yangu alikuwa humo.

Nilikwenda kwa mkubwa wangu wa gereji, Mzungu mnyamavu ambaye hakuwahi kunitukana. Nilieleza kwa Kiingereza nilichokuwa nacho. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema hajasikia nililosema, na kwamba kwa faida yangu mimi pia sijalisema. Akarudi chini ya lori. Nilisimama pale nikitazama buti zake zikitokeza, nikingoja, sijui nikingoja nini.

Nikaenda kambini. Kwenye lango nilimwomba homgadi aniitie mkalimani. Alitoka, tukasogea kando ya uzio wa seng'enge.

"Nimekuja kuomba mashine yangu. Mzee anafungiwa bucha," nikasema.

"Usiiombe."

"Na shemeji yangu yuko humu. Mume wa dada yangu. Unamjua."

"Namjua."

"Ile kitu mnamwekea?"

Alitazama nyuma yake. Alikuwa amekonda tangu tulipoonana, na shati lake la serikali lilimpwaya. "Mimi nafasiri maneno tu," akasema kwa Kimeru, taratibu. "Wanauliza, nafasiri. Wanajibu, nafasiri. Nenda nyumbani. Ukisimama hapa wataniuliza wewe ni nani, na nitalazimika kufasiri."

Nikaenda nyumbani. Yangu yalikuwa ni hayo: kwenda, kusimama, kurudi. Jioni niliketi mezani, mbele yangu kuna kopo la nta iliyoganda na karatasi zilizokatwa tayari, na sikuweza kuzishika wala kuzitupa. Niliwaza kwamba mvua zikishuka mashine itakufa. Nilijua udhaifu wake wote. Nilijua kondensa ya tatu niliikunja vibaya. Basi nikaanza kuomba mvua, mimi niliyezoea kuilaani, na mvua zilichelewa, na jua liliwaka kila siku juu ya mabati ya kambi, zuri, kavu, jua la kuanikia karatasi.

Zilipofika zilifika kweli. Na siku chache baadaye Landirova ikaja gerejini kunichukua.

Sanduku langu lilikuwa juu ya meza katika kile kibanda. Ni sanduku lile lile, na maandishi ya kampuni ya chai ubavuni, ila limeongezwa nyaya mbili ndefu zilizofungwa vitambaa mwishoni. Hapakuwa na mtu mwingine isipokuwa mimi, homgadi mlangoni, mkalimani, na bwana mkubwa wa kambi. Alikuwa kijana kuliko nilivyofikiri. Pua yake ilikuwa imebabuka kwa jua.

"Wewe tengeneza hii," akasema kwa Kiswahili chake.

Niliifungua. Kondensa ya tatu ilikuwa imepasuka, nta imevuja na kuganda kama chozi la mshumaa. Vingine vyote vilikuwa vizima. Kwa karatasi, nta, na jiko la makaa, ningeirudisha kazini kabla ya chakula cha mchana. Nilitazama lile tundu dogo jeusi. Nataka hili lieleweke: sikuwa shujaa. Shujaa huwa ameamua. Mimi mdomo wangu ulisema, na mimi nikausikia ukisema, "Haitengenezeki."

"Nini?"

"Imekufa, bwana. Vitu vyake vinatoka Ulaya."

Bwana yule akamgeukia mkalimani, akamuuliza kwa Kiingereza kama ninasema kweli. Mkalimani alinijua. Alikuwa ameniona nikitengeneza kengele shuleni kwa kopo na misumari. Alijua kwamba ile nta inatoka Mbeere. Alilitazama sanduku, kisha akajibu kwamba fundi anasema vifaa vyake vinaagizwa kutoka ng'ambo na hapa nchini havipo. Sikumwelewa, na mpaka leo sijui kama aliniokoa au alichoka tu.

Bwana mkubwa hakupiga kelele. Alisema kwamba mtu aliyetengeneza na sasa anasema hawezi kutengeneza, ni mtu anayehitaji kuulizwa zaidi. Kipande changu kikachukuliwa. Jioni hiyo nilikuwa ndani ya uzio pamoja na wengine.

Shemeji alikuwa upande wa pili wa ua, katika kundi jingine. Tulionana kwa mbali wakati wa kupanga foleni ya uji. Aliinua mkono kidogo, ule wa kushoto. Wa kulia aliubana tumboni.

Mimi niliulizwa, nikapigwa, si zaidi ya wengine. Kila nilipopelekwa karibu na kibanda cha mabati nilisikiliza, na kwa siku kadhaa palikuwa kimya. Nilianza kujiambia kitu. Nilianza kujiambia kwamba lile neno moja lilikuwa na maana, kwamba ninalipia, lakini watu wanapumzika. Lilinipa joto kama blanketi.

Kisha asubuhi moja nikasikia sauti ya kitu kinachozungushwa, rrrr, rrrr, na mtu akapiga kelele. Mzee mmoja wa Kiirua aliyekuwa kando yangu, aliyeletwa kwa kosa la mtoto wake, hakuinua hata kichwa.

"Wameleta simu ya jeshi," akasema. "Ile ya kuzungusha mkono. Inafanya vile vile. Haina haja ya betri."

Nilikaa chini. Naijua simu ile. Ina sumaku na mkono wa kuzungusha, haina ngazi wala nta, hainyeshewi ikafa. Askari yeyote anaweza kuitumia bila fundi. Ilikuwa imekaa katika stoo zao siku zote, na siku waliyoihitaji waliichukua. Kukataa kwangu kuliwapotezea siku kadhaa tu. Nilijaribu kuhesabu ni watu wangapi walioponea siku zile, nikashindwa, kwa sababu walioponea siku hizo waliitwa wiki iliyofuata.

Baadaye nilipelekwa Embu pamoja na kundi kubwa, tukapasua mawe ya barabara. Siwezi kusimulia mengi ya huko. Kulikuwa na mawe, baridi ya asubuhi, maharagwe yenye wadudu, na mazungumzo ya watu waliokosa habari za nyumbani. Hakuna aliyejua kwamba mimi ni fundi wa umeme, na sikusema. Kulikuwa na redio ya askari iliyoharibika, nikaisikia ikikoroma kwa kosa ambalo ningelitibu kwa kubadili kitu kimoja. Niliiacha ikorome.

Nilipoachiliwa kazi ya gereji haikuwepo, wala kibali cha kukaa mjini. Mzee aliruhusiwa kuniona mara moja tu, stendi, nilipokuwa nikipita kwenda Kanyakine. Alikuwa amenifungia nyama katika jani la mgomba. Bucha bwana afya aliifunga kwa muda, akaifungua tena, ikafungwa tena. Sasa mzee alikuwa akichinjia watu wa harusi na misiba.

"Vitu vyako vyote nimeviweka," akasema. "Lile gazeti pia. Nta panya wamekula."

"Viuze, mzee."

"Siviuzi. Utavitaka." Alinishika bega. "Fundi, mimi ndiye niliyekuomba."

"Ulilalamika nzi tu, mzee."

Gari likapiga honi, nikapanda.

Kijijini nilikaa na dada yangu, ndani ya mtaro, katika safu ya vibanda vilivyofanana. Shemeji alirudi muda mrefu baada yangu. Alikuja akitembea polepole, akasimama nje ya kibanda asichokijua, akauliza kama hapa ni kwake. Dada alitoka na unga mikononi. Hakulia pale, alimshika tu mkono wa kulia, ule usiofunguka vizuri, akaujaza unga.

Hatukuzungumza juu ya jambo hilo kwa muda. Yeye alijua. Alikuwa ameliona sanduku la chai kule kibandani, na alikuwa ameliona kabla, siku aliyokuja mjini kununua chumvi, nami nikamwita buchani aje aangalie nzi wakifa. Nilikuwa nikila chakula chake, nikilala karibu na mlango wake.

Alianza mwenyewe. Tulikuwa tumeruhusiwa kwenda shambani kwa saa za mchana, na tulikuwa tumeketi kwenye tuta la kahawa iliyoingiwa na magugu.

"Nieleze inavyofanya kazi," akasema.

"Nini?"

"Ile kitu yako. Kule ndani nilikuwa nikifikiri. Betri ni ndogo, ya gari. Gari halimpigi mtu hivyo. Inatoka wapi nguvu yote ile?"

Nilimtazama kuona kama ananishtaki. Uso wake ulikuwa wa mtu anayeuliza. Basi nikachukua kijiti nikachora ardhini: hapa betri, hapa kitetemeshi, hapa transfoma. Nikamchorea mlango wa kwanza na mtungi wa kwanza. Nikamchorea wa pili, nikamweleza jinsi wa kwanza unavyomiminwa katika wa pili. Alinisimamisha mara mbili ili aelewe. Alitaka kujua kwa nini hauui, nikamwambia mkondo wake ni mdogo, wote umegeuzwa kuwa volti. Alitaka kujua kwa nini siku nyingine ulikuwa dhaifu, nikamwambia labda ni unyevu. Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyepata jibu la jambo lililomsumbua.

"Na ukafikiria hivi wewe mwenyewe?"

"Nilisoma. Kondensa ndizo nilizotengeneza."

"Ni kazi ngumu," akasema.

Nikashindwa kuvumilia. Nikaanza kusema, nikasema sikujua, kwamba nilikwenda kwa Mzungu wa gereji, kwamba nilikwenda langoni, kwamba nilisema haitengenezeki. Aliinua ule mkono wake usiofunguka, si kunizuia hasa, labda uliinuka tu. Alikuwa bado anaangalia mchoro.

"Hapa juu," akasema, akigusa kwa kidole daraja la mwisho, "ndipo waya ule wa mkononi ulipoanzia?"

"Ndiyo. Hapo."

Alikaa akiutazama. Kipyenga cha homgadi kilisikika kutoka barabarani, kutuita turudi ndani ya kijiji. Shemeji alijaribu kusimama, mkono ukamkatalia, nami nikamshika chini ya kwapa nikamwinua. Tulipalilia miche michache tu siku ile. Tulichukua majembe, yeye lake mkono wa kushoto, tukashuka pamoja na wengine.